Namna ya kuandaa wadudu wa kuhifadhiwa makumbusho: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa senene unapoingia, maswali huanza kunifikia. Walimu wa klabu za wanyamapori, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hata mzee mmoja mstaafu wa Masaka, hapa Uganda, ambaye bustani yake imejaa vipepeo, wote wanauliza yale yale. Nimepata mdudu sijawahi kumwona, nimhifadhi vipi? Kwa nini nondo wangu wameota ukungu? Nikiwapeleka makumbusho watapokelewa? Nimejibu kipande kipande kwa miaka kadhaa. Sasa nayaweka yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Ila kabla ya pini na masanduku, shika jambo moja. Mdudu asiye na lebo hana kazi makumbushoni, hata awe mzuri namna gani. Mwaka 2018, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, mtafiti Alvin Helden alikamata mdudu mdogo mrukaji, wa wale wanaofyonza utomvu wa mimea, asiyefika hata sentimita moja. Mwaka 2022 alitangazwa kuwa spishi mpya, akapewa jina Phlogis kibalensis. Jenasi yake, yaani kundi la spishi zinazohusiana kwa karibu, ilikuwa haijaonekana tangu 1969, huko Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tunaweza kuutaja mwaka huo na nchi hiyo kwa sababu aliyemkamata wa 1969 aliandika. Angemwacha mdudu wake bila maandishi, leo tusingekuwa na cha kulinganisha. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kukufanya uwe mtu wa namna hiyo.

Ruhusa kwanza

Shambani kwako, bustanini kwako au kwenye uwanja wa shule kwa idhini ya mkuu wa shule, anza tu. Ndani ya hifadhi za taifa usikamate hata sisimizi bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA. Misitu ya hifadhi kama Mabira na Budongo iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, nako utaomba. Ukitaka kufanya utafiti rasmi, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, nalo lazima lijue. Usimtumie mtu wa nje ya nchi kielelezo kwa posta kwa sababu tu amekuomba kwa upole. Vielelezo vina taratibu zake za kutoka nchini, na kuzikwepa kunaweza kukuletea kesi.

Na mwongozo huu ni wa wadudu pekee. Ukikuta popo au mnyama mwingine aliyekufa, usimguse. Virusi vya Marburg vilipatikana kwa popo wa pango la Kitaka, hapa hapa Uganda. Piga picha kwa mbali, kisha uwaarifu maofisa wa wanyamapori au wa mifugo walio karibu nawe.

Vitu vya kuwa navyo

- Wavu. Kitambaa cha shela ya bibi harusi kinafaa sana, kilichoshonwa kama soksi ndefu kwenye waya wa mviringo na mpini wa mti. Usitumie chandarua chenye dawa.
- Pini za wadudu, za chuma kisichoshika kutu, urefu wa milimita 38, namba 2 na 3. Pini za fundi cherehani ni fupi, nene, na zitashika kutu ndani ya mwili wa mdudu.
- Vichupa vyenye vifuniko, na bahasha ndogo za karatasi kwa vipepeo.
- Spiriti ya asilimia 70 au zaidi.
- Kibano chenye ncha nyembamba, brashi ndogo ya rangi na lenzi.
- Foamu nyeupe, ile inayokuja na televisheni mpya. Wenye maduka ya vifaa vya umeme huitupa, waombe.
- Sanduku lenye kifuniko kinachobana kabisa.
- Daftari, penseli, na kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji wala spiriti.
- Friza, hata ya jirani, mradi akubali.

Pini za kweli ndizo ngumu kupata. Ukikosa, usitafute mbadala wa haraka. Weka wadudu wako kwenye bahasha za karatasi zenye maandishi, wakae wakavu, mpaka pini zipatikane. Bahasha yenye maelezo kamili ni bora kuliko mdudu aliyetobolewa na pini ya kutu.

Hatua kwa hatua

1. Andika kabla hujaondoka mahali ulipokamata.

Wengi wanaruka hatua hii wakisema wataandika wakifika nyumbani. Hutaandika. Umeme utakatika, wageni watakuja, na kesho yake utakuwa na vichupa sita visivyojulikana kimoja kilitoka wapi. Toa daftari pale pale, andika namba ya kichupa, tarehe, mahali, namba za GPS kutoka kwenye simu, na alichokuwa akifanya mdudu: yuko juu ya ua la nini, chini ya gogo, kwenye kinyesi cha ng'ombe, kwenye taa. Andika kwa penseli, kwa kuwa mvua haiifuti. Kisha kata kikaratasi chenye namba hiyo hiyo ukitie ndani ya kichupa. Usiandike kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Andika rangi pia, au piga picha akiwa hai. Senene wa kijani hubadilika rangi akikauka, na macho ya kerengende hufifia ndani ya siku moja.

2. Kamata wachache.

Mmoja au wawili wa kila aina wanatosha kwa anayejifunza. Kipepeo jike anayetaga mayai mwache. Uganda ina zaidi ya spishi 1,200 za vipepeo, huna haja ya kurudia mmoja mara ishirini.

Kama uko upande wa Masaka wakati wa senene, zungumza na wenye mitego. Taa zao na mabati huangusha ndani ya mapipa nondo, mbawakawa na wadudu wengine wengi wasiotakiwa na mnunuzi yeyote. Ukiomba kwa heshima utapewa, na hutakuwa umeua wa ziada. Usizitazame zile taa moja kwa moja, zinaumiza macho. Na akikutua shingoni mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na ya chungwa, mpulize, usimponde. Maji yake hubabua ngozi.

Senene mwenyewe ni mdudu mzuri wa kuanzia. Ni mkubwa, anapatikana, na ukimharibu hujapoteza kitu adimu.

3. Ua kwa upole na kwa hakika.

Njia salama kuliko zote ni friza. Wadudu wadogo uwaache usiku kucha, wakubwa siku mbili kamili. Niliwahi kumtoa mbawakawa mkubwa baada ya saa sita nikidhani amekufa, nikamchoma pini. Jioni nilimkuta anatembea na pini mgongoni. Nilijisikia vibaya sana, na tangu siku hiyo sina haraka.

Huko porini pasipo friza, tumia chupa ya kuulia: weka tishu chini, dondoshea matone machache ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye ethili aseteti, funika kwa kipande cha kadi ili mdudu asilowe. Kaa nayo mahali penye hewa na mbali na watoto. Vipepeo usiwachanganye na mbawakawa katika chupa moja, watapukutishwa unga wote wa mbawa.

Viwavi, buibui, kumbikumbi, mchwa na wote wenye miili laini hawachomwi pini. Hao huingia kwenye spiriti moja kwa moja. Hapa nakutana na swali la waragi kila mwaka. Waragi ya dukani ni asilimia 40, nayo haitoshi, kiwavi ataoza taratibu ndani yake. Ukipata spiriti ya asilimia 96, pima mililita 70, ongeza maji safi mpaka ifike mililita 96. Hapo una asilimia 70.

4. Mlainishe kama amekakamaa.

Mdudu aliyekauka ukimgusa mguu, unakatika. Tia mchanga uliolowa kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko, dondoshea siki kidogo kuzuia ukungu, tandika karatasi juu, mlaze mdudu, funika. Siku moja hadi mbili zinatosha. Mwangalie kila asubuhi.

5. Choma pini mahali pake.

Kila kundi lina sehemu yake, na sababu ni moja: upande mmoja wa mwili ubaki mzima kwa ajili ya atakayechunguza baadaye.

Vipepeo, nondo na kerengende: katikati ya kifua. Mbawakawa: kwenye bawa gumu la kulia, karibu na bega, kamwe si katikati pale mbawa mbili zinapokutana. Senene na panzi: nyuma ya ngao ya shingo, kulia kidogo. Nzi, nyuki na nyigu: kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa kati.

Pini isimame wima ukimtazama kwa mbele na kwa ubavuni. Acha kama sentimita moja ya pini juu ya mgongo ili vidole vipate pa kushika. Senene mkubwa mpasue tumboni kwa wembe, utoe matumbo kwa kibano, ujaze pamba kidogo. Usipofanya hivyo ataoza, na nyumba nzima itajua.

Wadudu wadogo, chini ya milimita tano au sita, pini itawapasua. Kata kipembetatu cha kadi ngumu, choma pini kwenye upande mpana, kisha mgandishe mdudu kwenye ncha kwa tone dogo la gundi nyeupe ya mbao inayoyeyuka kwa maji. Gundi kali zile za kukausha mara moja usizitumie. Ikiwa mtaalamu atahitaji kumbandua ili atazame viungo vya uzazi, maana spishi nyingi hutofautishwa kwa hivyo tu, hataweza.

6. Tandaza mbawa.

Hii ni kwa vipepeo, nondo na kerengende. Chonga mfereji kwenye foamu upana wa mwili wa mdudu, mtie humo mbawa zilale sawa na uso wa foamu. Vuta mbawa za mbele kwa ncha ya pini, ukishika kwenye mshipa mnene wa ukingoni, mpaka ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ufanye pembe mraba na mwili. Kisha pandisha mbawa za nyuma. Zibane kwa vipande vya karatasi laini, ukichoma pini kandokando ya bawa. Pini isipite kwenye bawa lenyewe.

Utaharibu watano wa kwanza. Anza na wale uliowaokota wamekufa barabarani au chini ya taa.

7. Kausha, ukiwalinda na sisimizi.

Wiki moja hadi mbili wakati wa kiangazi. Mwezi wa Aprili au Novemba, mvua zikiwa juu, hesabu wiki tatu. Jaribu kwa kugusa tumbo kidogo na pini, likiyumba bado hajakauka. Usianike juani, rangi zitapauka.

Sisimizi ndio adui wa hatua hii. Weka ubao wako juu ya makopo manne, na kila kopo likae ndani ya kisahani chenye maji na sabuni kidogo. Nilipoteza kazi ya mwezi mzima kwa usiku mmoja kwa sababu pazia liligusa ubao, likawa daraja.

8. Andika lebo.

Hapa usiharakishe. Lebo ni kikaratasi cha kama milimita 18 kwa 8, kinachochomwa na pini ile ile chini ya mdudu. Ya kwanza ina mahali, tarehe na aliyekamata. Ya pili, chini yake, ina mazingira na njia uliyotumia. Ya tatu, ya jina la kisayansi, iache kwa atakayemtambua.

Mfano wa lebo ya kwanza:

UGANDA: Jiji la Masaka, Nyendo, bustani ya shule
0.32° S, 31.75° E
14.xi.2024
Jina lako

Mwezi uandikwe kwa tarakimu za Kirumi. Ukiandika 4/11, kwetu ni tarehe nne Novemba, lakini Mmarekani atasoma tarehe kumi na moja Aprili, na hakuna wa kumwambia vinginevyo wewe ukiwa haupo.

Herufi S na N usiisahau. Nchi yetu imekatwa na mstari wa ikweta. Mdudu wa Masaka ukimwandikia N badala ya S, umemhamisha kaskazini zaidi ya kilomita 70, na mtu atakuja kuandika kuwa spishi hiyo inaishi mahali ambapo haijawahi kukanyaga.

Jina la wilaya peke yake halitoshi, kwa kuwa wilaya zetu hugawanywa mara kwa mara. Bunyangabu ilikuwa sehemu ya Kabarole mpaka 2017. Kuna pia majina yanayofanana: Kibale yenye msitu wa sokwe iko karibu na Fort Portal, na Kibaale ni wilaya iliyoko Bunyoro. Herufi moja tu. Hata jina la nchi lenyewe limewahi kusogea. Kabla ya 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulifika Kisumu na Naivasha, ndipo ukahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Kwa hiyo mdudu wa zamani mwenye lebo ya «Uganda, 1900» na basi, huenda alikamatwa Kenya ya leo, na hakuna njia ya kumuuliza. Namba za GPS hazihami na mipaka.

Niliwahi kuombwa kupanga masanduku ya wadudu katika shule moja. Mbawakawa wakubwa, vipepeo wa kupendeza, kazi ya mikono ya mtu aliyejua alichofanya, na katika masanduku yote hapakuwa na lebo hata moja. Aliyewakusanya alikwisha fariki. Tuliwaacha wawe mapambo ya darasa, maana hakuna kingine kilichowezekana. Niliumia kwa ajili yake.

9. Gandisha tena, kisha sandukuni.

Kabla kielelezo hakijaingia kwenye sanduku la kudumu, kitie kwenye kavera (mfuko wa plastiki) lililofungwa, kikae frizani kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Hii huua mayai ya wadudu walao vielelezo. Ukikitoa usifungue kavera hapo hapo, ngoja kipate joto la chumba, la sivyo unyevu utakilowesha. Umeme ukikatika kwa muda mrefu katikati ya wiki hizo, anza kuhesabu upya.

Ndani ya sanduku weka vipakiti vya silika, vile vinavyokuja na viatu, au mchele uliokaangwa mpaka ukauka kabisa, umefungwa kwenye kitambaa. Badilisha kila mwezi wakati wa mvua. Naftalini hufukuza wadudu lakini mvuke wake si mzuri kwa mapafu, kwa hiyo isikae kwenye chumba cha kulala.

Mambo yakiharibika

*Unga wa kahawia chini ya mdudu.* Kuna kiluwiluwi mwenye manyoya anayemla kwa ndani. Toa sanduku zima, usihangaike na mmoja tu, lirudishe frizani wiki mbili. Kisha futa unga wote, ili ukionekana tena ujue ni mpya.

*Ukungu mweupe.* Paka spiriti kwa brashi ndogo, mwache akauke penye hewa, badilisha mchele. Kwenye mbawa za vipepeo usisugue, gusa tu.

*Mbawa zimelegea baada ya kutolewa ubaoni.* Hakukauka, au sanduku lina unyevu. Rudi hatua ya 4 uanze upya.

*Mwili unang'aa kama umepakwa mafuta.* Ni mafuta yake mwenyewe, hasa nondo wakubwa. Waliochafuka sana huoshwa na wataalamu kwa vimumunyishi, usijaribu kwa petroli nyumbani.

*Kichwa au mguu umedondoka.* Usitupe. Gandisha kwa gundi nyeupe, au utie ndani ya kibahasha kidogo kilichochomwa kwenye pini ile ile.

*Spiriti imepungua kichupani.* Kifuniko hakibani. Hamisha kielelezo pamoja na kikaratasi chake, usijaze tu juu.

*Sijui ni mdudu gani.* Si tatizo kabisa. Andika kundi kama unalijua, usibahatishe spishi. Jina la kubahatisha likishaingia kwenye daftari la makumbusho linaweza kukaa humo miaka mingi kabla ya mtu kulitilia shaka.

Kuwapeleka

Chuo Kikuu cha Makerere kina makumbusho ya zoolojia, na Jumba la Makumbusho la Uganda lililoko Kitante lina sehemu ya viumbe. Wadudu waharibifu wa mazao watawavutia zaidi watu wa utafiti wa kilimo wa Kawanda. Usitokee tu na sanduku mlangoni. Andika kwanza, ueleze una nini, kutoka wapi, na kama ulikuwa na kibali. Tuma picha za lebo pamoja na picha za wadudu. Mtunzaji wa mkusanyo atazitazama lebo kabla ya kitu kingine, na hapo ndipo ataamua.

Safari yenyewe ndiyo huvunja wengi. Kwenye taksi weka sanduku mapajani, si kwenye buti. Tia sanduku la wadudu ndani ya boksi kubwa zaidi lenye magazeti yaliyokunjwakunjwa pande zote, na kila mdudu mzito umzungushie pini mbili za ziada kandokando ili asizunguke na kuwapiga wenzake. Bodaboda usipande nalo kabisa.

Beba na daftari lako. Wakikuomba nakala ya kurasa zake, wape.